Kobalti Inapita, Bakuli Langu Halina Bluu

Ndugu zangu mlioko nje mnaofunga mizigo ya kurudi, na nyinyi wa hapa Lubumbashi mnaoniuliza kwa nini vyombo vyangu vyote ni vya kijani na kahawia, jibu ni fupi: bluu sina. Nimerudi mji ambao malori ya kobalti, madini yanayotoa bluu, yanaupita mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na sina hata kijiko kimoja cha kupaka ukingo wa bakuli.

Ufinyanzi niliuanza Kinshasa, kwenye Académie des Beaux-Arts, sehemu ya keramiki. Baadaye nikaenda Ufaransa, La Borne, kijiji cha wafinyanzi ambako tanuri za kuni bado zinawaka. Huko nilizoea gurudumu, nikazoea kukesha nikilisha moto hadi nyuzi 1,280, nikajifunza kupika emaye, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo. Lakini kilichonishika moyo ni bluu.

Oksidi ya kobalti ni unga mweusi, ungeuona kikoponi ungedhani ni masizi. Tia gramu 1 tu katika gramu 100 za emaye, choma, fungua tanuri: bluu nzito, ya kina. Hata nusu gramu inaonekana. Na ni rangi yenye msimamo. Shaba hugeuka, ikipata hewa ni kijani, tanuri likinyimwa hewa ni nyekundu. Kobalti hubaki bluu. Wafinyanzi wa Jingdezhen, China, walipochora vyombo vyao vyeupe kwa bluu katika karne ya 14, walitumia kobalti iliyoletwa kutoka Uajemi, safari ya miezi mingi. Mimi nilikuwa nainunua dukani kwa pakiti ndogo kama za dawa, ghali, na kila muuzaji alipoiweka kwenye mizani nilijiambia: hii ni udongo wa kwetu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Siku nikirudi, nilisema, nitaishi juu ya chanzo chenyewe.

Nimerudi. Nimeuliza wanaouza madini, nimeuliza madereva, nimeuliza shemeji yangu anayefanya kazi ya usafirishaji. Akanijibu kwa upole, akiniita yaya, yaani mkubwa wake, kama mtu anayemwambia mgeni: "Yaya, ile haiuzwe kilo kilo. Inapitaka tu."

Inapitaka tu. Inapita ikiwa haidroksidi, yaani kobalti ambayo haijasafishwa hadi mwisho, ndani ya magunia makubwa, inavuka Zambia, inapanda meli, inasafishwa zaidi China, na nyingi inaishia ndani ya betri. Kidogo kati ya kinachobaki kinageuzwa rangi, kinafungwa kwenye vikopo, kinafika duka la Ulaya. Mimi wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, nikikitaka, niagize huko, nilipe ndege, nilipe forodha, nisubiri. Vumbi la malori hayo linatua juu ya vyungu vyangu vikikauka uani. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyakuta, na yapo mengi.

Mahali karibu na mto Kafubu ambapo mama mkubwa alikuwa akichimba udongo wa vyungu pamezungushiwa ukuta. Bidoni za njano, yale madumu ya plastiki, zimechukua nafasi ya mitungi, na kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, sahani ya plastiki ni bei ya andazi. Hayo niliyatazamia.

Anayerudi kufinyanga, basi, asikilize. Usilete tanuri la umeme, umeme utakatika chombo kikiwa katikati ya moto na kazi yote imekufa. Kuni nazo usizitegemee. Msitu wa miombo unaozunguka mji umekatwa kwa ajili ya makala, yaani makaa, ukichoma kwa kuni unagombea na mama anayepika bukari, ugali wetu. Mimi nachoma kwa mafuta machafu ya injini, yanadondoka kwenye bomba lenye feni, moto unapanda vizuri. Udongo wa kichuguu unaochomewa matofali unafaa kwa kuta za tanuri na kwa vyungu vya moto mdogo. Kwa moto mkubwa utayeyuka.

Kijani nimekipata hapa hapa, na nakishukuru. Wachongaji wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wanafagia vumbi kila jioni. Naliomba, nalichuja kwa maji, nalikausha, halafu nalichoma kwenye sufuria ya chuma juu ya mbabula, jiko la makaa. Unga wa kijani unaanza kuwa kijivu pembeni, kisha weusi unatambaa hadi katikati, na hapo imekuwa oksidi ya shaba, haitatoa mapovu kwenye emaye. Funga pua na mdomo kwa kitambaa kizito, vumbi lile si la kuvuta. Na usiipake ndani ya chombo cha kula, vyakula vichachu na vya ndimu vinanyonya shaba.

Msiniambie kwamba huku hapakuwa na kazi ya fani. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yalianza kuchimbuliwa na wataalamu mwaka 1957, yakatoa vyungu vya zaidi ya miaka 700, kuta nyembamba, vishikio na midomo iliyokatwa kwa mkono usiotetemeka. Waliovifanya walitumia kilichokuwa chini ya miguu yao. Hawakuomba ruhusa ya mtu ng'ambo.

Ninachotaka kinapimika. Kilo 1 ya oksidi inatia bluu kilo 100 za emaye, maelfu ya vikombe, kazi yangu ya miaka. Betri ya gari moja la umeme inaweza kubeba kilo kadhaa. Wanaosafisha madini hapa mjini watenge mfuko mmoja wa kuuzia watu wa mji. Nitalipa, kwa franka, na nitaubeba mwenyewe kichwani hadi Katuba.