Kuchagua intaneti ya nyumbani katika mtaa wa wastaafu, Ipuli, Tabora

Kila jioni baada ya sala ya magharibi, mzee jirani yangu huchukua kigoda chake, akaenda kukaa chini ya mwembe ulio nje ya ua wake, akaelekea upande wa barabara kuu na kumpigia binti yake aliyeko Mwanza simu ya video. Ndani ya nyumba, ambayo aliijenga kwa kiinua mgongo, kwa matofali ya kuchoma na bati za migongo mipana, picha ya binti huganda na sauti hukatika katikati ya salamu. Wakati wa kiangazi utaratibu huo haumsumbui sana. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, hata hivyo, chini ya mwembe hapakaliki, na kuanzia hapo hadi Aprili mzee huzungumza na mwanawe kwa ujumbe wa maandishi ambao macho yake hayaumudu vizuri.

Mtaa wetu una nyumba 14 za wastaafu: waliokuwa walimu, wauguzi wa Hospitali ya Kitete, watu wa reli na makarani wawili wa mahakama. Hakuna aliyetupanga tuishi pamoja. Tulinunua viwanja kwa wakati mmoja, tukastaafu kwa kufuatana, na sasa tuna kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mimi ni katibu wake. Mwezi Februari wakala wa kampuni moja ya intaneti alikuja kwenye kikao chetu akiwa na fomu moja ya nyumba zote, akatuahidi punguzo endapo sote tungetia saini mkataba wa miaka miwili. Wenzangu walinipa wiki tatu za kuchunguza, kwa hoja kwamba aliyefundisha Hisabati miaka 31 atazielewa zile hesabu. Ninayaandika niliyoyaona kwa sababu naamini ipo mitaa mingine kama wetu ambayo italetewa fomu ya namna hiyo, na sipendi mstaafu yeyote afunge mkataba kwa kutazama bei na picha ya kwenye kipeperushi.

Kabla ya kugusa bei nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza intaneti inatakiwa kwa kazi gani. Karibu kila mtu alitaja kwanza simu za video kwa watoto walio mbali. Baada ya hapo yalifuata mahubiri na visomo, taarifa ya habari, na uhakiki wa mstaafu, ambao wanachama wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, siku hizi wanaweza kuufanya kwa simu janja bila kufunga safari ya ofisini; kwa mtu mwenye magoti mabovu hilo si jambo dogo. Nyumba moja tu ilikuwa tofauti kabisa. Ni ya mama aliyekuwa muuguzi, ambaye analea wajukuu watatu, na wajukuu hao hutazama katuni kwenye televisheni kwa muda wa saa tatu kila siku.

Hapo nililazimika kufungua daftari. Picha safi ya televisheni huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni megabiti 18,000; na kwa kuwa baiti moja ni biti 8, tunapata megabaiti 2,250, yaani GB 2.25 kwa kila saa ya katuni. Kifurushi cha GB 30, ambacho kwa mzee wangu wa chini ya mwembe kingetosha simu za nusu saa kila jioni kwa mwezi mzima, kwa mama muuguzi kingeisha baada ya saa 13 na dakika 20, maana yake siku ya tano wajukuu wakiwa katikati ya kipindi. Fomu ya wakala iliziweka nyumba hizi mbili katika kifurushi kimoja na malipo yaleyale. Punguzo lilikuwepo kweli, lakini mzee angepunguziwa bei ya kitu ambacho sehemu yake kubwa asingekitumia.

Nilimwomba wakala anieleze maneno mawili yaliyokuwa kwenye fomu. La kwanza ni “hadi”, katika “kasi hadi 20”. Hizo ni megabiti 20 kwa sekunde, sawa na megabaiti 2.5, na neno “hadi” linataja kilele ambacho mteja anaweza kukifikia mambo yote yakiwa mazuri. Halisemi kasi haitashuka chini ya ngapi. La pili ni “bila kikomo”. Nilipomuuliza kama kasi hupunguzwa baada ya kutumia kiasi fulani cha data, alikiri kwamba hupunguzwa, ila hakuwa na takwimu. Nilimsihi aniletee kwa maandishi mambo mawili: baada ya GB ngapi, na hushushwa hadi kasi gani. Yeyote anayesoma hapa na aombe hayo mawili kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa ndani yake ndimo bei halisi ilimo.

Nina sababu yangu ya kuwa mkali kuhusu hili. Miaka miwili iliyopita nilipata malimbikizo yangu, nikalipia intaneti ya kampuni moja mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na ruta iliyofungwa isikubali laini ya kampuni nyingine. Nilikuwa nimeijaribu dukani kwa wakala saa nne asubuhi, ikaenda kasi sana, nikaridhika. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Baadaye, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, intaneti ilikuwa ikilegea kiasi kwamba hata picha moja ya mjukuu haikufunguka, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba suala langu linashughulikiwa. Fedha sikurudishiwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba uwezo wa mnara wa simu hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati huo, na mnara unaohudumia watu wachache asubuhi hubeba mitaa kadhaa jioni, watu wanaporudi nyumbani. Mimi niliupima wakati umepumzika.

Kwa hiyo safari hii tulipima saa mbili usiku, na tulipimia sebuleni kwa kila mmoja. Hatukununua kifaa chochote. Mpwa wangu ana simu yenye laini mbili, mjukuu wa karani ana laini ya tatu, na mimi ya nne. Tukawa tunarusha intaneti kutoka kwenye simu moja hadi nyingine, tunapima kasi, kisha tunapiga simu ya video ya dakika kumi, kwa sababu namba nzuri kwenye kipimo haihakikishi kwamba mazungumzo hayatakatika. Tulirudia jioni tatu kwa kila nyumba. Watu wengi huniuliza ni ipi bora kati ya Vodacom, Airtel, Halotel, Yas ambayo zamani iliitwa Tigo, na TTCL, wakitarajia jina moja. Daftari langu halina jina moja. Kampuni iliyotuletea fomu iliongoza katika nyumba tano na ikashika nafasi ya tatu katika nyingi zilizobaki, ilhali nyumba hizo zote ziko ndani ya mwendo wa dakika sita kwa miguu.

Nyumbani kwa mzee wa mwembe ndiko nilikojifunza zaidi. Kwenye dirisha la magharibi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye nondo, tulipata megabiti 14. Tulipohamia kwenye kochi lake, hatua sita kutoka dirishani, zikabaki 3. Chumbani hatukupata kitu cha kuandika. Matofali ya kuchoma hunyonya mawimbi na bati huyarudisha, kwa hiyo mawimbi yanayotoka mnarani huingia zaidi kupitia madirisha. Mzee alitutazama tukizunguka na simu, kisha akasema, “Kumbe Mwalimu, mtandao uko humu ndani siku zote, ila umesimama dirishani.” Ruta inayowekwa palepale dirishani hupokea mawimbi ya mnara na kuyasambaza ndani kwa waifai, na hapo pia pana uchaguzi: masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini huchoka mapema. Kwa nyumba zetu za kuta nene nawashauri wenzangu watumie ya kwanza.

Faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, ni habari nyingine. Waya wake hupita kwenye nguzo za barabara kuu, na nyumba sita zilizo karibu zinaweza kuunganishwa. Jioni haitegemei mnara uliojaa watu, na kioo chake hupitisha mwanga, hakipitishi umeme, jambo lenye uzito hapa Tabora ambako radi za Desemba zimeshaunguza televisheni za watu. Hata hivyo kifaa cha mwisho, kile kinachokaa ukutani, kimechomekwa kwenye soketi. Ngurumo zikianza lazima kichomolewe kama vingine. Umeme ukikatika nacho huzimika, hata kama faiba yenyewe ni nzima. Ruta inayotumia wati 12 ikiunganishwa na betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 7 ingedumu saa 7 kwenye karatasi. Mimi nahesabu saa nne hadi tano, na kwa jioni moja zinatosha. Wenye sola nyumbani wamwite fundi aunganishe ruta moja kwa moja kwenye mfumo huo.

Intaneti ya setilaiti ya dishi lisilohama tuliizungumza kwa ufupi. Setilaiti za aina hiyo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde, hivyo wazungumzaji hukatizana maneno. Kwa watu ambao baadhi yao hawasikii vizuri, niliiondoa.

Swali lililonipa majibu mazito kuliko kipimo chochote niliwauliza wateja wa mtaa wa pili: mara ya mwisho mtandao ulipokatika, fundi alikuja baada ya siku ngapi? Mmoja alisema kesho yake. Mwingine, wa kampuni tofauti, alisema siku tisa, na katika siku hizo aliambiwa mara nne azime ruta na kuiwasha. Nami nilipiga simu kwa kila kampuni Jumamosi usiku, kabla ya kuwa mteja, nikampa mzee mwenye usikivu hafifu naye ajaribu. Mbili zilimpitisha kwenye sauti ya mashine ya kubonyeza moja na kubonyeza mbili hadi akakata tamaa. Kijana anaweza kujitafutia ufumbuzi. Mstaafu anayeishi peke yake anahitaji mtu atakayegonga mlango wake, na kwangu hilo lilishinda kasi na lilishinda punguzo. Ni haki kusema pia kwamba si kila hitilafu ni ya kampuni iliyo mtaani: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikayumba nchini kote, jambo ambalo fundi wa Tabora asingeweza kulitengeneza. Kwa hitilafu za kawaida, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, tena kwa maandishi, na yasipotatuliwa ndipo hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Nimalizie na alama za vidole, kwa kuwa hapo ndipo niliogopa. Ruta inayotumia laini husajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole cha mteja. Wakala mmoja alimwambia mama muuguzi aweke kidole mara ya tatu, akidai mashine haijasoma. Nilimzuia, tukapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na tukakuta laini moja asiyoijua. Tulikwenda naye duka la kampuni yenyewe ikafutwa siku hiyohiyo. Wazee wenzangu, piga namba hiyo kila baada ya kusajili, na ujumbe wa kitapeli uutume 15040. Laini inayotumika kutapeli watu ikiwa kwa jina lako, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Kikao cha Machi hakikutia saini fomu ya pamoja. Nyumba sita zimechagua faiba kwa malipo ya mwezi mwezi. Nyumba nne, pamoja na ya mzee, zimenunua ruta isiyofungwa, kila moja ikiwa na laini ya kampuni iliyofanya vizuri sebuleni mwake. Mbili zimebaki na vifurushi vya simu, kwa sababu mahitaji yao hayazidi hapo. Mpwa wangu alimpigilia mzee rafu ya mbao kwenye dirisha la magharibi, na jioni ya kwanza, mvua ikinyesha, binti alianza kwa kumuuliza, “Shikamoo baba. Mbona leo sioni mwembe?” Mzee akamgeuzia simu dirishani auone.

Zimebaki nyumba mbili za nyuma kabisa, ambako miembe imezingira pande zote na majani yakilowa mawimbi hudhoofika zaidi. Nimeomba kampuni ya faiba itupe kwa maandishi gharama ya kuongeza nguzo mbili. Mwezi Mei, mvua zikishaisha, nitarudi huko na daftari, saa mbili usiku, nipime upya.