Superstar zangu za Karume

Jamani niseme tu ukweli, nilikua sizielewi raba za zamani mpaka nilipookota Adidas Superstar pale Karume, soko la mitumba Dar, asubuhi mapema jamaa ndo anafungua belo watu hawajajaa, akaanza na elfu 60 tukabishana weee tukamalizana 35. Nyeupe, mistari mitatu myeusi, ile pua ya mpira kama kombe la baharini haijachanika popote, soli ya ndani tu ndo imechoka nikaweka nyingine ya elfu 3.

Afu watu wanajua ni za mtaani tu, kumbe zilitoka 1969 zikiwa za kuchezea basketi kabisa, Kareem Abdul-Jabbar kazivaa uwanjani, ile pua ilikua ya kulinda vidole. Run-DMC, lile kundi la rap la Marekani, wakaja kuzivaa bila kamba miaka ya 80 ndo mtaa ukazibeba.

Kukaa mguuni sitawadanganya, wiki ya kwanza zilinibana pale vidole vinapokunja nikajuta. Sasa hivi natoka nazo Buguruni mpaka Kariakoo kwa mguu nasahau kama nimevaa. Kukimbia usijaribu, soli flati afu nzito. Ila mi kilichonimaliza ni soli imeshonwa kuzunguka, sio gundi tupu, maana zile mpya nilizonunua dukani mwaka jana kwa elfu 80 zilibanduka mvua ya kwanza, fundi akacheka mpaka akaweka sindano chini 😂

Nazipiga na jinzi, kaptula, Ijumaa nikajaribu na kanzu, mama akaniangalia tu.