Masweta ya Watoto kwenye Gulio la Tengeru

Duka nililokuwa nauza pale Arusha mjini lilifungwa mwezi wa nne. Nikishalipa kodi ya chumba nikabaki na shilingi 70,000. Fremu ya duka sikuiwaza hata dakika moja, maana wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na wengine ya mwaka. Nikawaza gulio.

Tengeru ni kama kilomita 13 kutoka mjini ukielekea Moshi, na gulio lake ni Jumatano na Jumamosi. Mara ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, mwanzoni mwa Juni, nikazunguka tu. Ndizi, parachichi, sufuria, viatu vya mtumba, vyote vipo tele, na nguo za kina mama ndiyo usiseme. Ila baridi ilikuwa imeshashuka kutoka Meru, na watoto mgongoni walikuwa wamefungwa kanga mbili mbili. Masweta yao yapo, lakini yamefukiwa chini ya mafungu ya nguo za wakubwa. Mama anafukua, anachoka, anaondoka. Biashara yangu niliiona hapo.

Jumatatu alfajiri nikawahi soko la Samunge, pale Arusha mjini, belo za mitumba zinapofunguliwa. Kwenye kuchagua sina haraka. Sweta nalinyoosha juu kwenye mwanga, kwa sababu tundu la nondo halionekani nguo ikiwa imekunjwa. Nageuza makwapa na viwiko, zipu naipandisha na kuishusha mara mbili. Lililopungua kifungo nachukua, nitashona. Lililorudi kwa kufuliwa vibaya silichukui hata kwa bure. Nilipata 40 kwa shilingi 800 kila moja, jumla 32,000, na turubai la 9,000. Nikayafua yote na kuyapiga pasi. Harufu ya belo ikitoka, sweta la 800 linaanza kufanana na la dukani.

Kumbe gulioni kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Nilifukuzwa mara mbili, mwisho nikatandika karibu na barabara, kwenye jua kali. Mama mmoja wa ndizi akaniita. “Mwanangu, hapo utakaa mpaka uive. Njoo huku.” Nikamwamkia, akaitikia huku anasogeza mikungu yake. Mpaka leo nakaa ubavuni kwake.

Niliyapanga kwa umri, fungu la mwaka mmoja, la miaka mitatu, la mitano. Hilo ndilo lililoniuzia, kwa sababu kina mama wengi wanakuja gulioni bila watoto. Mmoja aliniambia, “Dada, wangu mgongo ni shubiri mbili na nusu,” akapima palepale kwa kiganja, akachukua mawili. Siku ile niliuza 10 kwa 2,000 na 3 kwa buku jero. Nikitoa nauli, ushuru na chai, nilirudi na 20,500, na masweta yenyewe yalikuwa yamenigharimu 10,400. Usiku nilihesabu mara tatu.

Tangu hapo natembea na pochi mbili. Ya mtaji haifunguliwi mpaka Jumatatu Samunge, hata sukari ikiisha nyumbani. Kukopesha nilijaribu mara moja. Mteja wa gulio akisema “Jumamosi nitakuletea” hakwambii ni Jumamosi ipi. Bora yule aliyepungukiwa na mia tano akaniachia parachichi nne.

Agosti tamaa ikanishika. Wenzangu wawili wakasema tununue belo zima la nguo za watoto, kilo 45, tugawane, kila mtu atoe 120,000. Hesabu ya kipande kimoja kimoja ilipendeza kweli. Lakini belo huonjeshwi, unanunua maandishi ya juu. Tulipokata kamba, zaidi ya nusu ilikuwa magauni mepesi yasiyo na mikono, na katikati rundo la nguo za kuogelea. Tengeru, mwezi wa nane! Muuzaji tulimrudia, akatuonyesha tu yale maandishi: nguo za watoto. Hakudanganya.

Magauni niliyapigia mnada, jero jero, mpaka sauti ikakauka. Mtaji wangu ulirudi mahali pake mwezi wa kumi na moja, nilipokuwa nimeshahamia vigauni vya Krismasi, hivyo navyo nimevichagua kimoja kimoja kwa mkono. Wenzangu wanasema napoteza muda, asubuhi nzima kwa nguo 30. Sawa, lakini zote 30 nazijua.

Za kuogelea zimebaki tisa, safi, zimepigwa pasi. Kama una mtoto anayekwenda likizo Tanga, Jumamosi niko palepale, ukishapita ndizi.