Dinari kwenye sabuni, wiki ya 3: tembo kaangalia kushoto

Haya, wiki ya tatu ya kuchonga dinari za Kirumi (sarafu zao za fedha) kwenye sabuni ya mche na kugandamiza udongo, na nimeharibu. Kwenye ile ya Caesar, yaani Kaisari, jemadari wa Roma, ya 49-48 KK tembo anaelekea kulia anamkanyaga nyoka, mimi nikamchonga vilevile nilivyomwona kwenye picha nikasahau kabisa kwamba muhuri unageuza kila kitu, kubandua udongo, looh, tembo anarudi alikotoka na jina CAESAR limepinduka, zimepona A peke yake.

Nikarudia kwa kuchora picha iliyogeuzwa, kama inavyoonekana kwenye kioo. Katoka safi, mkonga tu umekatika ncha, poa. Sarafu halisi ina kama milimita 18 hivi, mimi nachonga sentimita 5 na bado kisu kinateleza, sijui wale mafundi walikuwa na macho gani aisee.

Kilichonivutia ni kwamba sura ya Caesar haipo kabisa. Upande wa pili ni vyombo vya ukuhani, kata ya kumiminia, kinyunyizio, shoka na kofia. Jamaa ni kuhani mkuu tangu 63 KK, Januari 49 KK kavuka mto Rubicon na jeshi anapigana na Warumi wenzake, halafu pesa yake inakuonyesha vitu vya ibada. Mjanja huyo.

Ya Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar (43-42 KK), niliona rahisi, kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru katikati ya majambia mawili, chini EID MAR, yaani 15 Machi, siku Caesar alipouawa. Nikachonga majambia yafanane, kumbe ukikuza picha mipini inatofautiana, wapo wanaosema moja la Brutus lingine la Cassius, mwenzake katika mauaji hayo. Na upande wa pili Brutus kaweka sura yake mwenyewe! Wakati Caesar alipoweka yake 44 KK akiwa hai, watu waliona anajifanya mfalme. Nilicheka peke yangu.

Mama kapita kaniuliza hizo ndo dinari za kwenye Biblia, nikamwambia ni aina hiyo hiyo, hata neno dinari asili yake huko huko. Akashika tembo, "ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Nikamjibu ya Kaisari, akasema basi mpe Kaisari na sabuni yangu irudi bafuni.

Muhuri wa tembo wa kushoto umeshafulia mashuka.