Ruhusa moja, nikapigwa mara mbili: mambo ya kuklemu eadropu

Kabla hujaniuliza, ndio, eadropu (tokeni, yaani sarafu za kripto, ambazo mradi unawagawia watu) za kweli zipo na nimeshazila. Naanza na hilo kwa sababu kila nikiongelea utapeli wa kripto kuna wanaokuja na "si tulikwambia huo wote ni upigaji", halafu upande wa pili kuna wanaoniona nawabania wenzangu wasipate. Mi nina kibanda Tandika, nafanya uwakala na kuuza makava, chaja, protekta, na toka mtaa ujue nina waleti (pochi ya kripto ya kwenye simu) basi simu zinaletwa kwangu, "kaka hebu niangalizie hii ni ya kweli au feki", wiki haipiti. Sa naandika hapa mara moja, akija mwingine nampa linki asome mwenyewe.

Ngoja nianze na yangu, aibu yangu mwenyewe.

Toka 2022 nilikuwa naitumia Arbitrum (mtandao wa kripto uliojengwa juu ya Ethereum) kutuma USDT (kripto inayofuata dola, moja kama dola moja) kwa jamaa anayenichukulia mzigo Guangzhou. Sikuwa nawinda eadropu wala nini, ni kwamba gesi, yaani ada ya muamala, ya Ethereum yenyewe ilikuwa inakula sana, unatuma dola hamsini unakatwa ada ambayo ungenunua kava tatu. Machi 2023 wakatangaza kwamba waliotumia mtandao wao watapewa tokeni za ARB, wakaweka na ukurasa wa kuangalia kama jina lako limo, nikaangalia nikakuta nina 625, ambacho ndo kiwango cha chini kabisa walichotoa. Haya, siku ya kuklemu, yaani kwenda kuchukua tokeni zako, ni tarehe 23. Mi nimekaa kibandani jioni watu wanataka kutoa hela nawaambia subirini kidogo, nafungua ukurasa haufunguki, unazunguka tu, dunia nzima imeingia kwa wakati mmoja. Dakika kumi, ishirini, na grupu la WhatsApp huko watu wanatuma skrinishoti "nimeshauza". Roho ikaanza kwenda mbio.

Nikafanya kosa ambalo leo nikimwona mtu anafanya namnyang'anya simu. Nikaingia Google nikaandika arbitrum claim, nikabonyeza cha juu kabisa. Kile cha juu kilikuwa tangazo la kulipia. Ukurasa ulikuwa uleule, rangi ileile, kitufe kilekile, tofauti ni kwamba huu haukwami, unateleza kama sabuni. Nikakonekti waleti, yaani nikaiunganisha na ule ukurasa, kikaja kidirisha cha kusaini, nikasaini bila kusoma, kikaja kingine nikasaini tena. Ikaandika "subiri". Nikasubiri. Nilipokuja kuangalia salio, USDT 340 hazipo. Kama laki nane hivi kasoro, hela ya mzigo, sio hela ya mchezo.

Cha ajabu (na hapa ndo nilijifunza) usiku kama saa nne ukurasa halisi ukakubali, nikaklemu zile 625 zangu na zikakaa salama, hazikuguswa. Nikajiaminisha kwamba yule mwizi kaishia hapo, waleti bado yangu, maneno 12 ya siri ya kuifungulia sijampa mtu. Baada ya wiki mbili mteja wangu mmoja akanitumia USDT 120, zikaingia, nikasema nitazihamisha baadaye kuna foleni. Hazikumaliza hata dakika mbili. Zikaondoka zenyewe mbele ya macho yangu, sijabonyeza chochote.

Aisee nilikaa kwenye kile kigoda nikaishiwa pozi.

Ilibidi nitafute kuelewa, na nikielezea kwa lugha ya mtaani iko hivi. Pale niliposaini sikutuma hela, nilitoa ruhusa. Ni kama umemwandikia mtu karatasi, "Mangi, huyu akija mpe anachotaka kwenye akaunti yangu", umeweka sahihi, hujaandika kiasi, hujaandika mwisho lini. Mangi hana shida na wewe, anaangalia sahihi tu. Mtu akichukua leo ukadhani yameisha, wakati karatasi bado anayo mfukoni, siku ukipeleka hela nyingine dukani anarudi. Na ile karatasi ilihusu USDT peke yake, ndo maana ARB hazikuguswa. Haikuwa huruma ya mwizi. Wao wala hawakai macho wakikuvizia, ni programu inafanya kazi hiyo, ikiona salio limeingia inavuta.

Hizo programu za kukausha waleti zinakodishwa, hiyo ndo watu wengi hawajui. Kulikuwa na moja maarufu inaitwa Inferno Drainer, wenye nayo walikuwa wanachukua asilimia 20 ya kinachoibiwa, kinachobaki cha yule aliyeweka ukurasa feki. Novemba 2023 wakatangaza wanafunga, ila biashara yenyewe haikufungwa na wao. Kwa hiyo aliyekuibia anaweza kuwa kijana tu hajui hata kuandika programu, kakodi mtambo, kalipia tangazo, kakaa.

Sasa cha kufanya. Hii kubwa kuliko zote, kama utasoma moja soma hii: kuwa na waleti mbili. Ukienda Kariakoo mwezi wa 12 unabeba hela ya kodi ya nyumba kwenye mfuko wa nyuma wa suruali? Hubebi. Unabeba nauli na hela ya kile unachokwenda kununua, nyingine umeiacha nyumbani. Waleti ya kuchezea eadropu iwe na gesi tu, dola mbili tatu, ndo unayoikonekti huko kwenye vijiwe. Waleti ya hela haikonektiwi popote, inapokea na kutuma basi. Na iwe na maneno yake 12 tofauti kabisa, sio kuongeza akaunti ya pili ndani ya ileile, maana maneno yakivuja zinaondoka zote. Tatizo linakuja kama mimi, waleti iliyostahili eadropu ndo hiyohiyo yenye hela, na tokeni haziendi kwingine. Hapo kwanza hamisha hela zote peleka nyingine, acha gesi, ndo uende kuklemu. Inakula dakika tano. Mimi dakika tano hizo zilinigharimu laki nane.

Linki usiitafute Google, na usiichukue kwenye grupu hata kama aliyeweka ni admini na mnafahamiana. Mtu anaibiwa akaunti akiwa kalala. Wala tiki ya kwenye X sio kinga: Septemba 2023 akaunti ya Vitalik Buterin, yaani mwanzilishi wa Ethereum mwenyewe, ilitekwa ikaweka linki ya kupata NFT (tokeni ya kipekee, mara nyingi picha) ya bure, watu wakapoteza zaidi ya dola laki sita. Januari 2024 ikatekwa ya Mandiant, hao ni kampuni ya usalama wa mitandao iliyo chini ya Google, kazi yao ndo hiyo, na akaunti yao ikawa inatangaza eadropu feki ya waleti ya Phantom. Kama wao yamewakuta, sembuse admini wetu. Mi nafanya hivi, naingia tovuti ya mradi niliyoihifadhi siku nyingi kabla ya kelele kuanza, naangalia wanaelekeza wapi, nalinganisha na sehemu nyingine moja au mbili, na nasoma anwani herufi kwa herufi na kidole kama mtoto wa chekechea. Ikitofautiana kidogo naacha.

Halafu haraka ya nini? Arbitrum walitoa miezi sita, mpaka tarehe 24 Septemba 2023. Mimi nilikuwa nakimbizana na dakika ishirini wakati nilikuwa na nusu mwaka. Bei inaweza kushuka kweli, sikatai, mara nyingi inashuka siku ileile watu wakimwaga, ila kushuka kwa bei kunakukata kipande, mwizi anabeba sufuria na ugali.

Kwenye kidirisha cha kusaini soma hata kama Kiingereza chako cha kuungaunga. Kuklemu halali kwa kawaida ni muamala mmoja, unalipa gesi, tokeni zinaingia kwako, mwisho. Haina sababu ya kuomba iguse USDT zako. Ukiona maneno ya kutoa ruhusa, approve, au spending cap (kikomo cha kutumia) yenye namba ndefu isiyoisha, au setApprovalForAll, au permit, simama hapo. Hiyo permit ndo mbaya zaidi kwa sababu haikati gesi, inaonekana ni saini tu ya kuingia, mtu anasema "mbona sijalipa kitu, kwani nini kitatoka", kumbe karatasi ya Mangi imeshasainiwa. Kuna waleti kama Rabby zinakuonyesha kabla hujasaini nini kitatoka na nini kitaingia, zimenisaidia sana, ila nazo sio malaika.

Kama ulishasaini huko nyuma, na wengi mlishasaini msijidanganye, nenda revoke.cash (iandike mwenyewe, usiitafute, maana nayo ina feki zake) uone nani ana ruhusa ya nini, uzifute. Kila unayofuta inakata gesi kidogo. Mimi nilikuta kumi na moja, nyingine sikumbuki hata nilizitoa lini. Lakini elewa, kufuta ruhusa kunasaidia kama tatizo ni ruhusa tu. Kama maneno 12 ulimpa mtu au uliyaandika kwenye ukurasa wowote ule, hiyo waleti imekufa, usiipepee, hamisha kilichobaki fungua mpya.

Na ukishapigwa usiende kulialia kwenye grupu la Telegram. Mi nililia. Ndani ya saa moja nilikuwa na watu wanne inboksi, mmoja na picha ya mzungu na tai, wote wanaweza kurudisha hela, mmoja anataka dola 50 ya kuanzia, wengine wanataka maneno 12 "ili tusawazishe waleti yako". Hawa ni ndugu zake na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ukoo mmoja.

Kuna tokeni pia utazikuta tu kwenye waleti hujui zimetoka wapi, zinasoma thamani ya dola elfu moja mia tano, jina lake ni anwani ya tovuti. Ziache. Kupokea hakukudhuru, unadhurika ukienda kule kuziuza.

Watu wanasema eadropu ya kweli haidai hela hata siku moja. Nilikuwa nasema hivyo mpaka Juni 2024 mradi wa LayerZero walipokuja na yao, ukitaka kuklemu unachangia senti kumi za dola kwa kila tokeni, na ilikuwa ya kweli. Watu walitukana sana. Kwa hiyo kanuni sio chuma, ila kwa hizi boti (programu za kujiendesha) za Telegram zinazosema lipa TON moja (kripto inayotumika sana Telegram) tukufungulie salio lako, wewe chukulia ni chuma.

Nikitaja Telegram namkumbuka dogo wangu na Hamster Kombat, ule mchezo wa Telegram wa kugonga skrini upate pointi. 2024 miezi na miezi dogo anagonga hamsta, anagonga kwenye daladala, anagonga msibani, bando linaisha ananikopa mimi bando. Tarehe 26 Septemba tokeni zikatoka, walikuwa watu milioni 131 wa kugawana, senti moja ya dola kwa tokeni na ikaendelea kushuka, alichopata hakikurudisha hata bando. Huo sio wizi, waliahidi tokeni wakatoa tokeni. Ila usisahau kuhesabu muda wako nao. Na Nairobi 2023 watu walipanga foleni pale KICC, ukumbi wa mikutano, kupigwa picha ya mboni na mradi wa kripto wa Worldcoin wapewe tokeni 25, kama shilingi elfu saba za kule, mpaka serikali ikasimamisha Agosti. Simlaumu aliyepanga, elfu saba ni hela. Ila hiyo sio bure, umelipa jicho, na jicho huwezi kwenda kulifungulia waleti mpya.

Kuuza: P2P (kuuziana mtu kwa mtu) usiachie kripto kwa sababu umeona sms. Mi wakala nakwambia, sms za miamala feki naziona kila siku, zimeandikwa vizuri kuliko za kweli. Piga *150*00# uangalie salio lako mwenyewe kama ni M-Pesa, na jina la aliyetuma liwe lilelile la kwenye oda.

Jana saa nane usiku dogo kanitumia linki, "bro hii imetoka rasmi, inaisha saa kumi na mbili asubuhi, klemu fasta". Nimeiangalia asubuhi nikifungua kibanda. Pale kwenye herufi l wameweka namba 1. Nimempigia hapokei, nikamwandikia asisaini kitu, kama keshasaini alete simu hapa nimfutie ruhusa. Tiki za bluu zimetokea toka saa tatu, hajajibu.