Siku moja maishani mwangu: mpangaji wa matengenezo ya meli, Mwanza

Saa 1 asubuhi. Bandarini. Meli imefunga gati alfajiri na itaondoka jioni. Katikati hapo mafundi ni wangu, na kazi zinawazidi.

Saa 2. Kikao na chifu wa injini. Kila kifaa kinapewa alama mbili: uwezekano wa kuharibika, na hasara kikiharibika. Tunazizidisha, jibu kubwa linatangulia. Ndivyo wanavyopanga pia kwenye majukwaa ya mafuta baharini, ambako fundi hufika kwa helikopta na vitanda ni vya kugombania. Ila kule kutu ya chumvi inawasumbua sana, huku kwetu ziwani maji hayana chumvi na msumbufu ni magugu maji. Upepo ukiyasukuma gatini, chujio la maji ya kupozea injini halisubiri tarehe ya kwenye ratiba. Leo nimelipandisha hadi juu.

Saa 4. Ubishi na fundi kijana, kama kawaida.

“Dada, pampu ya zimamoto ni nzima, hata haitumiki. Abiria wanalia na kiyoyozi.”

Kiyoyozi kikifa, meli nzima inajua. Pampu ya zimamoto, inayokaa akiba tu, inaweza kufa na isijulikane hadi siku ya moto. Nikamsimulia kijana habari za jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988, walikokufa watu 167. Pampu moja ilikuwa matengenezoni, vali yake ya usalama imeondolewa, na habari hiyo haikuwafikia wa zamu ya usiku, wakaiwasha. Pampu za zimamoto nazo zilikuwa zimeondolewa kwenye kujiwasha zenyewe, ili zisiwanyonye wapiga mbizi. Moto ulipowaka, hakuna aliyeweza kuzifikia.

Saa 6. Tumeijaribu pampu yetu ya zimamoto. Imewaka, lakini presha inapanda kwa kusuasua: hewa inaingia upande wa kunyonya, gaskiti, ile ya kuziba maungio, imekauka. Kijana mwenyewe ndiye aliyekwenda stoo kuchukua nyingine.

Saa 8. Ugali na sato, wima.

Saa 10 jioni. Nahodha hajafurahi. “Mwanangu, kelele za abiria nitazisikia mimi.” Kweli, mzee wangu. Ahirisho la kiyoyozi nimeliandika na sababu yake, naye akasaini. Kisha makabidhiano: na wa zamu tumepita kila vali iliyofunguliwa leo, kwa macho, si kwa karatasi tu.

Kiyoyozi kimepangiwa Jumatano, magugu yakituruhusu.