Nilivyojifunza kuusikiliza muziki wa techno katika klabu ya Tresor, Berlin

Nilipohamia Berlin nilikuta watu wakiuzungumzia muziki wa techno kwa heshima ambayo sikuielewa. Nimelelewa Tanga, katika nyumba ya wapenzi wa taarab, ambako maneno ndiyo yanayoubeba wimbo, na kwa hiyo muziki usio na mwimbaji, unaorudia mdundo uleule usiku kucha, haukuniachia kitu. Rafiki yangu mmoja, fundi wa mitambo ya sauti, alinishauri nisiuhukumu kwa kuusikia kwenye simu, bali niende mahali ulipokulia.

Tulichagua Tresor. Klabu hii ilifunguliwa mwaka 1991 na Dimitri Hegemann na wenzake katika chumba cha chini kilichokuwa hazina ya duka kubwa la Wertheim, karibu na ulipopita Ukuta wa Berlin. Ukuta ulipoanguka mwaka 1989, majengo mengi ya upande wa mashariki yalibaki matupu, na vijana wakayageuza kumbi za muziki. Tresor ya kwanza ilifungwa mwaka 2005. Mwaka 2007 ikafunguliwa upya ndani ya kituo cha zamani cha kuzalisha joto, katika barabara ya Köpenicker. Lililonigusa zaidi, na ninasikitika kwamba halisemwi vya kutosha, ni kuwa muziki wenyewe ulitoka Detroit, mji wa viwanda vya magari nchini Marekani, mikononi mwa vijana weusi kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson.

Nilijiandaa kwa kulala mchana, kula chakula cha kutosha na kununua vizibo vya masikio vya aina inayopunguza ukubwa wa sauti bila kuivuruga. Jambo hili nalisisitiza: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na hata kiwango hicho si cha kuvumiliwa usiku mzima kwa masikio matupu. Mlangoni tulijibu maswali kwa ufupi na upole, kamera za simu zetu zikabandikwa stika, tukaingia.

Ili kufika chumba cha chini hupitwa ujia mrefu wa zege, wenye giza na moshi, na mdundo huanza kusikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Mwisho wake kuna nondo za chuma, na mcheza muziki, yaani DJ, yuko nyuma yake. Kando yapo masanduku ya hazina ya zamani, yaliyohamishwa kutoka klabu ya kwanza, yameliwa na kutu. Rafiki yangu alinitoa ukutani, kwa sababu besi hujikusanya kwenye kuta na pembe, na mtu aliyesimama hapo husikia ngurumo tu. Tuliposogea kuelekea katikati, mbali kidogo na spika, sauti zilijitenga.

Hapo nikaanza kufuatilia sauti moja baada ya nyingine: kwanza ngoma nzito ya chini, ambayo haikubadilika, kisha matoazi, yaliyoingia polepole mno hata sikujua yalianza lini, kisha mlio mwembamba uliokuwa ukijikunja juu yake. Mcheza muziki alipoiondoa besi kwa muda, ukumbi mzima ulingoja, na alipoirudisha niliona bega la kila mtu likishuka pamoja. Ni utaratibu ninaoujua tangu utotoni: katika ngoma za kwetu, ngoma moja huushikilia mdundo, nyingine ikazungumza juu yake.

Kila nilipochoka nilipanda ukumbi wa juu, uitwao Globus, nikanywa maji, kisha nikarudi chini. Kwa atakayependa kujaribu, asiondoke baada ya dakika kumi. Achague mcheza muziki mmoja na amsikilize tangu anapoanza hadi anapomwachia mwenzake mitambo, kwa kuwa mabadiliko mengi ya muziki huu huchukua muda mrefu kuliko wimbo mzima wa redioni.